Pikapu ya Baba na Neno la Mama Mdogo Yunisi

Namshukuru Mungu, ambaye hakuna chozi lililomwagika mahali pa faragha asilolijua, kwa kunifikisha umri huu nikiwa na akili timamu ya kukumbuka. Yaliyo mema katika habari hii ni yake, na yaliyo mabaya ni yetu sisi wenyewe. Nimeishi nayo miaka mingi bila kuiandika. Sasa nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe, na washarika wa hapa Njombe wamenichagua kuwa mzee wa kanisa, naona si vema kuendelea kuinyamazia.

Ninapoanza kuikumbuka, kinachotangulia ni harufu ya blanketi. Lilikuwa blanketi la kijivu, kuukuu, ambalo Baba alilifunika juu ya boneti ya pikapu yake kila jioni katika miezi ya baridi, akaliongezea magunia mawili juu yake. Asubuhi nilipotumwa kulitoa lilikuwa zito kwa umande, na pengine limeganda barafu nyembamba pembeni, likinuka petroli, moshi wa kuni za miti ya miwati na sufu iliyolowa. Nililikumbatia hadi uani na kulianika juu ya ua wa matete, na nguo zangu zilinuka harufu hiyo darasani mchana kutwa. Watoto wenzangu hawakunicheka. Kijijini Kichiwa wakati ule, kunuka petroli kulikuwa ni kunuka heshima, maana pikapu ilikuwa moja tu na ilikuwa yetu.

Baba, Zakaria, alikuwa mkulima wa viazi na mahindi. Ujana wake aliutumia Lupembe, akiendesha lori la kukusanya majani ya chai, na udereva haukumtoka damuni. Ilipofika ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na watu binafsi wakaanza kuleta magari na nguo za mitumba, maduka ya Makambako yakajaa sabuni ambazo mwaka mmoja nyuma yake zilikuwa hadithi tu, Baba akauza ng'ombe na shamba la miwati na kununua pikapu iliyokuwa imezeeka mikononi mwa wengine. Rangi yake ilikuwa ya bluu pale ilipokuwa na rangi. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Injini ilikuwa nzima, lakini gari lilikuwa na tabia moja: siku nyingine liliwaka kwa kuguswa tu ufunguo, na siku nyingine lilitoa sauti ndogo, tik, likanyamaza. Taa zingewaka na honi ingelia, lakini injini isingezunguka.

Nyumbani tabia hiyo haikutusumbua. Uwanja wetu uliteremka kuelekea barabarani, na Baba alikuwa na mazoea ya kuliegesha gari likitazama chini. Lilipojazwa viazi hakuhangaika na ufunguo. Aliachia breki, gari likateremka lenyewe, akatia gia, likawaka. Alifanya hivyo hata siku ambazo ufunguo ungekubali, kwa sababu aliona ni kulipunguzia betri kazi. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwa hakika lini linakubali na lini linakataa.

Taabu ilianza kwenye misiba. Katika miaka hiyo vijana wetu wengi waliokwenda kutafuta maisha Makambako walianza kuugua ugonjwa ambao wakati ule haukutajwa kwa jina, na kwetu mtu huzikwa kwao. Pikapu ya Baba ndiyo iliyowarudisha. Jeneza liliwekwa katikati ya bodi ya nyuma, akina mama wakakaa kulizunguka, wanaume wakasimama wakishikilia vyuma, watu ishirini au zaidi. Na gari lenye jeneza halikusukumwa. Hilo hakuna aliyefundishwa, kila mtu alilijua tu: kulisukuma ni kama kumfukuza marehemu. Kwa hiyo lilipokataa mara ya kwanza, mbele ya nyumba moja ya Makambako, uwanja ukiwa tambarare, watu wote walishuka wakasimama kimya, wanaume wamevua kofia. Mzee mmoja akauliza nani ana jambo na marehemu. Ndugu wawili wa marehemu walikuwa hawajasemezana kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Wakatazamana, wakashikana mikono juu ya jeneza, wakalia. Baba akajaribu ufunguo, na gari likawaka palepale.

Mara ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu. Watu wakaanza kuliita gari linalojua. Ikafika mahali familia za vijiji vya mbali zikaja kumwomba Baba huku magari mengine ya kukodi yapo, kwa sababu zilitaka marehemu wao apate nafasi ya kusema. Mchungaji wetu alimwita Baba baada ya ibada na kumwambia kwa upole kwamba wafu wamelala, hawashiki ufunguo wa gari. Baba aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa sala na alijua kwamba mchungaji anasema kweli. Lakini nilimwona pia jinsi alivyotembea akipita katikati ya waombolezaji, taratibu, mikono nyuma, watu wakimpisha njia. Namsema kwa upendo, naye sasa amelala kwa Bwana: heshima ile ilimwingia. Gari bovu ni la kupelekwa kwa fundi, lakini gari linalojua nani angelifungua boneti?

Baba alikuwa na mdogo wake mmoja, Yoramu, aliyeuza mitumba Makambako, karibu na stesheni ya reli. Mke wake, Mama mdogo Yunisi, alikuwa Mkinga wa Ipelele, huko juu Makete, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Walikuwa na mtoto mmoja, Tumaini, wa miaka mitatu. Baba mdogo alipoanza kuugua ndugu walimtembelea mara moja moja, wakasimama mlangoni wakaaga. Likizo ya Juni, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Mama alinituma nikakae nao, nichote maji na kumshika mtoto ili Mama mdogo apate mikono ya kumuuguza mume wake.

Nilikaa nao siku kumi na tisa. Nilimwona Mama mdogo Yunisi akifua mashuka mara tatu kwa siku kwenye maji yanayouma vidole. Nilimwona akimlisha uji kwa kijiko kidogo cha mtoto, akingoja ameze, akimpangusa, akingoja tena. Kifua kilipombana alikaa ameegemea ukuta na kukilaza kichwa cha mume wake pajani, kwa sababu hivyo ndivyo alivyopumua vizuri, na akaimba polepole wimbo wa kanisani kwa Kikinga hadi treni ya asubuhi ilipopiga honi. Aliniambia kwamba miguu yake imesahau kutembea. Akacheka kidogo, na mimi nikacheka.

Asubuhi moja, mashuka ya mwisho yakiwa ndiyo kwanza yametandikwa na mengine yote yananing'inia mabichi kwenye kamba kwa kukosa jua, Baba mdogo alitapika uji wote. Mama mdogo alisimama akatazama. Kisha akakaa kizingitini, mgongo kwetu, akasema, si kwa sauti kubwa, "Ungekufa tu, Yoramu, sote tupumzike." Nilikuwa nimemshika Tumaini pembeni ya kitanda na nililisikia neno lote. Naye Baba mdogo alilisikia. Mama mdogo alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Akainuka, akamvua, akamwosha upya, akapiga magoti kando ya kitanda akimwomba msamaha, na yule mgonjwa, ambaye kwa siku mbili hakuwa ameinua hata kijiko, aliuinua mkono wake akauweka juu ya kichwa cha mke wake. Ukakaa hapo kwa muda mrefu. Hayo nayo niliyaona yote.

Siku ya nne baada ya hapo Baba mdogo akafariki.

Baba alikuja na pikapu, na Bibi yangu, mama yao, akiwa amekaa mbele. Jeneza likapakiwa na watu wakapanda hadi bodi ikashuka karibu na matairi. Baba akapiga ufunguo. Tik. Akapiga tena. Tik. Sikuhitaji kuambiwa, nilishuka pamoja na wengine. Wanaume walivua kofia, na kimya kikatanda kiasi kwamba nilisikia wapagazi wakiitana ng'ambo ya reli. Bibi aliuliza mwenye jambo na mwanawe ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza. Akauliza tena. Halafu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya gari, akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu.

"Roda, mjukuu wangu, wewe ulikuwa humo ndani. Kuna neno lililosemwa?"

Nilifundishwa kutomdanganya mtu mzima, sembuse Bibi, sembuse mbele ya jeneza. Nikamwambia neno lile kama nilivyolisikia, yale maneno machache ya kizingitini. Sikuongeza kitu. Wala sikusema habari za mkono uliowekwa kichwani, kwa sababu Bibi aliuliza neno, na mkono ule haukuwa neno. Ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba aliponiachia mkono wangu nilijisikia mkubwa.

Bibi alikwenda akasimama mbele ya Mama mdogo Yunisi. "Mama Tumaini," akasema, "mwambie mumeo hapa mbele ya watu ulilomwambia kule ndani."

Mama mdogo alinitazama mara moja tu. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayetazama saa ili ajue imefika ngapi. Kisha akausogelea ubavu wa gari, akaweka kiganja juu ya jeneza, akasema, "Yoramu, nilikwambia ungekufa tu tupumzike. Ni kweli nilikwambia. Nisamehe."

Baba alipiga ufunguo na gari likawaka. Liliwaka vizuri sana, bila kusitasita, na akina mama wakaangua kilio cha aina nyingine, kilio cha watu waliopata jibu. Tulipopanda tena, injini ikinguruma, hakuna aliyekaa karibu na Mama mdogo. Alibaki peke yake upande wake wa jeneza kutoka Makambako hadi Kichiwa, upepo wa baridi ukimpiga, na waliokuwa jirani naye walivuta kanga zao zisimguse.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Bibi alisema hawezi kulala nyumba moja na mdomo uliomuua mwanawe, na kwamba marehemu mwenyewe ameshatoa ushahidi, kila mtu alisikia gari. Mama yangu alipinga, lakini alipingia jikoni, na jikoni hakuna kikao. Baba ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Neno lake moja lingetosha. Alitazama viganja vyake mpaka kikao kikaisha. Ikaamuliwa kwamba Mama mdogo arudi kwao Ipelele na mtoto abaki kwa baba zake. Mama mdogo hakujitetea hata kidogo. Alisema tu kwamba neno alilisema. Asubuhi yake alimvisha Tumaini sweta, akamkalisha na kiazi chake cha kuchemsha, akanivuta kando. Nilidhani atanigombeza. Aliniambia kwamba mtoto halali asipokunwa mgongo, chini kidogo ya bega la kushoto, na nisimkune kwa kucha. Kisha akachukua furushi lake akaenda barabarani kungoja basi la Njombe.

Mwezi wa Septemba kwaya yetu ilialikwa kuimba Lupembe. Wanakwaya walipanda pikapu kwenye uwanja wa kanisa, pale ambapo ardhi imesawazishwa, wakiwa na sare zao na ngoma na vicheko. Baba akapiga ufunguo. Tik. Vicheko vikakoma. Hapakuwa na jeneza wala maiti, palikuwa na watu wazima wazima waliotoka kusali. Wakatazamana, kila mmoja akijikagua moyoni. Mwalimu wa kwaya alijaribu kutania, akasema labda ni watu wa sauti ya tatu, ambao hawajawahi kuijua noti yao tangu kwaya ianzishwe. Wachache walicheka. Kwa kuwa safari hiyo hakukuwa na cha kuheshimiwa, wote walishuka ili wasukume, na kabla hawajaligusa, Baba akaurudia ufunguo kwa mazoea tu, gari likawaka. Nilikuwa kwenye kiti cha mbele kando yake. Nilimwona uso wake ukibadilika.

Jumatatu alilipeleka Makambako kwa fundi, nami nikaenda naye kwa sababu nilikuwa na jino la kung'oa. Fundi huyo aliitwa Ramadhani, Mwislamu aliyekuja kutoka Kigoma na kufungua gereji chini ya mabati manne karibu na soko. Alisugua vichwa vya betri hadi vikang'aa. Gari likawaka mara kumi. Wiki iliyofuata Baba akarudi, na fundi akaifungua stata, ile mota inayozungusha injini, akapuliza vumbi, akabadilisha brashi. Likawaka mara kumi. "Bwana Zakaria," akasema, "gari lako likiwa mbele yangu ni mwanafunzi mtiifu. Utundu wake linaufanyia wapi?"

Mara ya tatu, nami nikiwa nimefuatana tena na Baba, fundi hakugusa kitu. Alikalia tairi kuukuu, kikombe cha kahawa mkononi, akamwambia Baba amsimulie siku zote lilipokataa, bila kuacha hata moja. Baba aliona haya. Aliyasimulia akitazama chini, tangu wale ndugu wawili wa mpaka wa shamba mpaka kwaya. Kwa kila marehemu fundi alisema innalillahi kwa sauti ya chini, kisha akauliza mambo yaleyale mawili. Lilipokataa, watu walikuwa wapi? Juu ya gari, Baba akajibu. Na lilipowaka? Baba akafikiri. Walikuwa wameshuka. Na yule mwingine? Walikuwa wameshuka. Kwa kila msiba jibu likawa hilohilo, na sauti ya Baba ikazidi kuwa ndogo.

Fundi aliinuka akaita wapagazi wa sokoni wapande. Mmoja wao akauliza, "Fundi, tunakwenda kumzika nani?"

"Tunauzika uvivu wako. Panda."

Walipanda kama kumi na wanane, wakisukumana. Ufunguo: tik. Akawashusha, likawaka. Akawapandisha, tik. Alirudia mara nne, na wapagazi wakaanza kuona ni mchezo mzuri. Mara ya mwisho fundi aliwaacha juu, akaingia chini ya gari, na baada ya muda akamwita Baba naye alale chini atazame. Na mimi nikalala, shavu kwenye vumbi lenye mafuta. Alitushikia ule waya mnene uendao kutoka kwenye betri hadi kwenye fremu ya gari, ambao mafundi huuita waya wa ardhi. Ganda lake lilikuwa limepasuka, na nyuzi za shaba ndani zimeota kutu ya kijani, nyingi zimekatika. Raba za kati ya bodi na fremu zilikuwa zimelika, akatueleza, kwa hiyo watu wakijaa nyuma bodi inainuka kidogo kwa mbele na kuuvuta waya. Nyuzi zinaachana, zinabaki mbili tatu. Hizo zinatosha kwa taa na honi, lakini stata inakula umeme mwingi, hazitoshi. Akawaambia wapagazi washuke. Bodi ilitua, na kwa macho yangu niliziona zile nyuzi zikirudi kukutana.

Baba alibaki amelala chini pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni huu tu?" akauliza.

"Ni huu tu, Bwana Zakaria." Kisha fundi akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kazi, "Wale waliopatana, waache wapatane, ni neema. Lakini kama kuna aliyeumia, mfuate."

Akafunga waya mpya, mrefu zaidi, na tangu siku ile pikapu haikukataa tena. Ule wa zamani Baba aliuomba, akaufunga kwenye gazeti na kuuweka chini ya kiti. Njiani kurudi alinikataza kusema. Nilifikiri anataka kusema mwenyewe. Kumbe hakuwa na nguvu hiyo. Kusema ni waya kulikuwa ni kumwambia mama yake kwamba amemfukuza mkwe wake bure, na kuwaambia watu wa vijiji vyote kwamba ile heshima waliyompa waliupa waya uliokatika. Oktoba ikapita, na Novemba na mvua zake, watu wakapanda mahindi. Misiba iliendelea, na kwa kuwa gari sasa liliwaka kila mara, watu walisema marehemu wa siku hizi wanaondoka kwa amani. Mama, ambaye ndiye pekee Baba alimweleza, alimsihi kila jioni aseme. Mimi nilimkuna Tumaini mgongo hadi alale, nami nilikuwa na siri mbili, ya waya na ya mkono, nikiwa na umri ambao hata moja ilikuwa nzito.

Januari mfanyabiashara wa mbao alileta habari kwamba Yunisi anaumwa. Baba hakumaliza chakula kilichokuwa mbele yake. Asubuhi iliyofuata tuliondoka wanne, Baba, Mama, Tumaini na mimi, tukapita Njombe, tukashika barabara ya udongo ya Makete, mawingu yakitembea chini yetu mabondeni.

Tulimkuta nje ya nyumba ya kaka yake, amekalia mkeka penye kijua chembamba, amejifunika blanketi hadi kidevuni. Nilimtambua kwa urefu wa miguu yake tu. Alitabasamu alipomwona Tumaini, akatoa mkono nje ya blanketi. Mtoto alijificha nyuma ya sketi ya Mama yangu na kumwita Mama. Mama mdogo aliurudisha mkono ndani taratibu, akasema si kitu, ni baridi.

Baba alipiga magoti mbele yake. Sijawahi kumwona akipiga magoti isipokuwa madhabahuni. Akafungua gazeti, akampa ule waya, akamweleza yote kama fundi alivyomweleza, juu ya watu kupanda na watu kushuka. Mama mdogo aliugeuzageuza waya mikononi.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

"Hakuwa yeye, shemeji. Yoramu hakuwa na neno na wewe."

Aliulaza waya juu ya blanketi. Kisha akasema, "Alikuwa amenisamehe kule ndani. Aliniwekea mkono. Gari lilipokataa nikadhani ameuondoa."

Hapo ndipo nilipoangua kilio. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemwambia Bibi. Alinivuta nikae karibu naye, chini ya blanketi, na mwili wake ulikuwa wa moto kama jiko. Alisema alijua tangu siku ile, maana tulikuwa wangapi ndani ya nyumba? Hakuwa na hasira na mimi. Lakini hakunidanganya pia, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

"Ulisema ulichokisikia, mwanangu," akaniambia. "Mbona hukusema ulichokiona?"

Baba alimsihi arudi Kichiwa akauguzwe kwake, mbele ya mwanawe. Alikataa kwa upole, akasema safari ni ndefu na yeye amechoka. Alichoomba ni tukae hadi jioni. Tukakaa. Alasiri Tumaini alichoka kucheza akalala kwenye mkeka, na Mama mdogo alijikokota akaketi nyuma yake, akamkuna mgongo akiwa usingizini, kwa kuwa akiwa macho alikataa kuguswa naye.

Alifariki wiki mbili kabla ya Pasaka. Jumapili iliyofuata Baba aliomba nafasi baada ya matangazo, akasimama mbele ya usharika na kusema kwamba gari lake halikuwahi kujua kitu, kwamba ulikuwa waya, na kwamba yeye aliujua ukweli huo miezi minne mizima, akanyamaza huku mjane akidhani amekataliwa na mumewe. Bibi alitoka nje kabla hajamaliza. Alirudi kanisani baada ya muda mrefu, na hadi anakufa hakulitaja jina la Yunisi, ila jioni nilimkuta zaidi ya mara moja amemshika Tumaini mapajani, anamtazama tu. Mwaka huo Baba aliiuza pikapu na kurudi kwenye jembe.

Leo barabara ya Makete ni lami. Mwanangu wa pili ana gari ambalo likikataa, kijana wa gereji hapa Njombe anachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, na kosa linajiandika kwenye kioo. Ugonjwa ule una jina, una dawa, na wanaoumwa wanalea wajukuu. Ninamshukuru Mungu kwa hayo yote, na pengine huwa nakaa ndani ya gari hilo nikihesabu ni miaka mingapi tu ilitutenga na dawa hiyo. Tumaini ni mwalimu Mbeya. Nilimsimulia habari hii alipooa, naye aliuliza swali moja tu, wimbo ule wa Kikinga ulikuwaje, nami nikamwimbia nilichokumbuka, ambacho ni mistari miwili.

Lakini kuna jambo ambalo halikubadilika. Baraza la wazee bado linaletewa watu. Anakuja mama, au kijana, amesikia fulani akisema hivi juu ya mgonjwa wake, juu ya mkwe wake, na analisema neno lenyewe kwa usahihi kabisa, bila kuongeza wala kupunguza, kama nilivyofanya mimi. Ninamsikiliza hadi mwisho. Kisha ninamwomba atuambie na alichokiona. Mara nyingi tunangoja sana, na wako wanaoinuka wakaondoka bila kujibu, na wako wachache wanaoanza kulia.

Wewe uliyenivumilia hadi hapa, Bwana akuhifadhi wewe na walio nyumbani mwako. Siku utakayochoka ukasema usilolitaka, akupe mkono wa kukusamehe, na akupe shahidi mmoja atakayeusimulia mkono huo kabla hajaulizwa. Amina.